Kent: pauni laki mbili kati ya Sevenoaks na Margate zinalipia nini hasa

Sevenoaks na Thanet ni wilaya mbili za kaunti moja, Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Kwa gari, kutoka mji wa Sevenoaks hadi Margate ulioko Thanet ni saa moja na ushei. Lakini katika takwimu za serikali za 2024 na 2025, wastani wa bei ya nyumba Sevenoaks umekuwa ukivuka pauni 500,000, wakati Thanet ukizungukia 280,000. Tofauti hiyo inapita laki mbili, na lugha, polisi, hata tofali linaweza kuwa lile lile.

Ulinganisho huu ni kwa anayetafuta nyumba ya kuishi, si ya kupangisha. Kinachouzwa ghali Kent ni dakika za treni hadi London, shule, na ardhi ambayo sheria imekataza kujengwa. Muuguzi wa zamu katika hospitali ya Margate anayenunua Sevenoaks analipia treni asiyoipanda. Mhasibu wa London anayenunua Margate kwa sababu ni rahisi atalipa kwa saa zake za usingizi.

Bei hizi ni wastani wa wilaya nzima, zimekadiriwa na kuzungushwa. Muda wa safari ni wa treni nzuri za siku ya kazi.

| Wilaya (kituo) | Wastani wa bei, pauni | Safari ya London |
|---|---|---|
| Sevenoaks | zaidi ya 500,000 | dakika 25 hivi, London Bridge |
| Tunbridge Wells | 440,000–470,000 | dakika 45–50, London Bridge |
| Tonbridge and Malling (Tonbridge) | 420,000–450,000 | dakika 35–40, London Bridge |
| Dartford | 340,000–360,000 | dakika 40 hivi, London Bridge |
| Gravesham (Gravesend) | 330,000–350,000 | dakika 25 hivi, St Pancras |
| Ashford | 330,000–350,000 | dakika 38 hivi, St Pancras |
| Canterbury | 330,000–350,000 | dakika 55–60, St Pancras |
| Maidstone | 330,000–350,000 | saa 1 hivi, Victoria |
| Folkestone and Hythe | 290,000–310,000 | dakika 55–60, St Pancras |
| Medway (Chatham, Rochester) | 290,000–310,000 | dakika 40 hivi, St Pancras |
| Dover | 280,000–300,000 | saa 1 na dakika 5–10, St Pancras |
| Thanet (Margate) | 275,000–295,000 | saa 1 na nusu hivi, St Pancras |

Medway kiutawala ilijitenga na Kent mwaka 1998, ila mnunuzi hawezi kuiacha nje: iko katikati ya kaskazini ya kaunti na watu wake wanafanya kazi pande zote.

Treni: kilomita hazihesabiki

Maidstone ndiyo makao makuu ya kaunti na iko karibu zaidi na London kuliko Ashford. Lakini treni ya Maidstone ni ya pole pole, na ya Ashford ni ya mwendokasi. Tangu Desemba 2009 treni za abiria wa kawaida zinatumia reli ya mwendokasi iliyojengwa kwa ajili ya safari za Ufaransa, na Ashford ikasogea hadi dakika 38 kutoka St Pancras. Gravesend, Medway, Canterbury, Folkestone, Dover na Margate nazo zilipata treni hizo. Sevenoaks, Tonbridge na Tunbridge Wells hazikupata, kwa sababu ziko kwenye reli ya zamani.

Kwa nini basi zile za reli ya zamani ndizo ghali? Kwanza, treni zake zinashusha London Bridge, Cannon Street na Charing Cross, mahali ambapo mfanyakazi wa benki au wizara anaweza kumalizia kwa miguu. St Pancras ni ya kaskazini, na wengi hulazimika kuunganisha. Pili, treni ya mwendokasi ina nauli ya juu kuliko treni ya kawaida ya kituo kile kile, na anayenunua nyumba anaipigia hesabu. Tatu, Sevenoaks haiwezi kuongeza nyumba kirahisi: asilimia 93 ya wilaya hiyo imo ndani ya ukanda wa kijani unaoizunguka London, ambako ujenzi mpya umebanwa sana. Ashford ina mashamba yaliyoruhusiwa kujengwa na imejenga kweli kweli. Mji usioweza kupanuka, ulio dakika 25 kutoka London, lazima bei ipande.

Usilinganishe nauli kwa kukisia. Tiketi ya mwaka Uingereza ni bei ya tiketi ya wiki mara 40, na ya mwezi ni mara 3.84, kwa hiyo ukijua ya wiki umezijua zote. Anayekwenda ofisini siku mbili kwa wiki atazame tiketi nyumbufu (Flexi Season): siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28.

Kisha geuza nauli iwe bei ya nyumba. Kwa mkopo wa miaka 25 wenye riba ya asilimia 5, kila pauni 1,000 ulizokopa zinarudishwa kwa takriban pauni 5.85 kwa mwezi. Tofauti ya nauli ya pauni 1,000 kwa mwaka ni pauni 83 kwa mwezi, sawa na kukopa pauni 14,000 hivi za ziada. Ikiwa mji wa mbali unakuongezea nauli ya 3,000 kwa mwaka, nyumba yake inabidi iwe rahisi kwa zaidi ya 42,000 ndipo mlingane, na hapo muda bado haujahesabiwa. Upande wa pili, zile laki mbili na ushei kati ya Sevenoaks na Thanet, tuseme 230,000, ni takriban pauni 1,345 kila mwezi, yaani 16,000 kwa mwaka. Hakuna tiketi ya treni Kent inayofika huko. Nauli peke yake, basi, haielezi pengo. Saa ndizo zinazolieleza. Margate inakuongezea dakika 65 kwenda na 65 kurudi, na kwa siku 200 za kazi hizo ni zaidi ya saa 430 kwa mwaka. Kwa anayekwenda siku mbili kwa wiki zinashuka hadi chini ya 200, na Thanet inaanza kuwa na maana.

Dartford ina lake. Kadi ya nauli ya London, Oyster, inafanya kazi hapo, na treni za kaskazini mwa Kent zinapita Abbey Wood, unakoweza kuunganisha na Elizabeth line, reli inayokatiza London, tangu Mei 2022. Kwa anayefanya kazi Canary Wharf, eneo la mabenki mashariki mwa London, Dartford na Gravesend ni chaguo bora kuliko Sevenoaks, na bei iko chini kwa zaidi ya laki moja na nusu. Ila gari linapovuka mto Thames kwa daraja au handaki la Dartford linalipiwa pauni 3.50 kila upande tangu Septemba 2025. Wakazi wa Dartford wana mpango wa punguzo. Wa Gravesend hawana.

Dalali akikusifia Ebbsfleet, jirani ya Dartford na Gravesend, kuwa ni mji wenye treni ya Paris, mwambie treni hiyo haijasimama pale tangu 2020, wala Ashford. Usilipe senti kwa ajili yake.

Shule: mtihani unaopandisha bei

Kent ni miongoni mwa kaunti chache za Uingereza zilizobaki na mfumo kamili wa kuchuja watoto wa miaka 10 na 11. Zipo shule 32 za grama, yaani sekondari zinazochagua kwa mtihani, za serikali na hazina ada. Mtihani unaitwa Kent Test na unafanywa Septemba, mtoto akiwa ameanza darasa la sita la mfumo wa Uingereza (Year 6). Usajili unafungwa mwanzoni mwa Julai, matokeo yanatoka Oktoba, na fomu ya kuchagua sekondari inafungwa Oktoba 31. Mzazi anayehamia Agosti bila kumsajili mtoto kabla ameshachelewa. Medway ina mtihani wake mwingine na shule zake, na kufaulu wa Kent si tiketi ya Medway.

Hapa wanunuzi wengi wanajikwaa. Wanadhani Sevenoaks ni ghali kwa sababu ina shule za grama. Mji huo haukuwa na hata moja hadi 2017, lilipofunguliwa tawi la shule ya wasichana ya Weald of Kent yenye makao Tonbridge. Shule kongwe zenye majina makubwa ziko Tonbridge na Tunbridge Wells, na baadhi yake hazitosheki na kufaulu tu: zinapanga watoto kwa alama na kwa mahali wanapoishi. Kabla ya kulipa bei ya moto kwa mtaa fulani, fungua sera ya udahili ya shule yenyewe, soma orodha ya parokia (maeneo madogo ya utawala, si ya kanisa) na misimbo ya posta, na uangalie alama ya mtoto wa mwisho aliyepokewa mwaka uliopita. Mtaa mmoja unaweza kuwa ndani ya mpaka na wa pili nje.

Na shule za grama hazipo kwa matajiri peke yao. Dover, Folkestone, Ramsgate na Broadstairs wanazo. Dover na Folkestone zina hata mtihani wao wa ziada, tofauti na Kent Test, kwa hiyo mtoto ana nafasi mbili. Mzazi asiyekwenda London kila siku na anayetaka shule ya grama kwa bei ya chini atazame Folkestone kwanza. Kuna upande wa pili wa sarafu: panapochujwa watoto, shule nyingine za mji zinabaki na waliosalia, na ubora wake unatofautiana sana. Mtoto asipofaulu atakwenda huko, kwa hiyo nunua mahali ambapo shule ya pili nayo inakuridhisha.

Wastani wa wilaya unavyodanganya

Jedwali la juu linasaidia kuanza tu. Sevenoaks ina nyumba nyingi kubwa zinazosimama peke yake. Thanet ina fleti nyingi. Ukichanganya vyote na kutoa wastani, pengo linakuwa kubwa kuliko lilivyo kwa nyumba inayofanana. Tena wilaya moja ina miji ya hali tofauti. Swanley iko wilaya ya Sevenoaks, lakini bei zake si za mji wa Sevenoaks. Tenterden iko wilaya ya Ashford na ni ghali kuliko Ashford yenyewe. Deal na Sandwich zinaivuta Dover juu, Whitstable inaizidi Herne Bay jirani yake, Broadstairs inaizidi Margate, na Hythe inaizidi New Romney na Lydd.

Kipimo cha kuaminika ni pauni kwa mita ya mraba, na unaweza kukipata bure. Masjala ya ardhi ya Uingereza inachapisha bei halisi ya karibu kila nyumba iliyouzwa tangu Januari 1995, kwa mtaa na namba. Rejista ya vyeti vya nishati inaonyesha ukubwa wa nyumba hiyo kwa mita za mraba. Chukua mauzo matano au sita ya mtaa mmoja, ya aina moja, ndani ya miezi 12 hadi 18, na ugawanye. Nyumba ya mita 90 iliyouzwa 315,000 ni 3,500 kwa mita. Kama ile unayoitaka ina mita 78 na inaitishwa 310,000, imefika karibu 3,975 kwa mita, na muuzaji anapaswa kukueleza kwa nini. Tahadhari moja: cheti cha miaka tisa iliyopita hakina chumba kilichoongezwa darini mwaka jana. Linganisha na mchoro wa dalali.

Usilinganishe kamwe bei zilizotangazwa. Hizo ni matumaini ya muuzaji.

Mji kwa mji

Kati ya Sevenoaks, Tonbridge na Tunbridge Wells, kwa maoni yetu Tonbridge ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa pesa yako. Inazidiwa na Sevenoaks kwa dakika kumi na kitu tu za treni, ina shule ndani ya mji, na nyumba za safu za enzi ya Malkia Victoria karibu na kituo. Kasoro yake ni mafuriko ya mto Medway. Tunbridge Wells ina majengo mazuri na hospitali kubwa jirani huko Pembury, lakini barabara zake zina foleni, na nyingi ya fleti zake ni nyumba za zamani zilizogawanywa, jambo tutakalolirudia.

Ukanda wa mto Thames na Medway ndiko mnunuzi wa kawaida wa mara ya kwanza anakoweza kupumua. Chatham ilikuwa na bandari ya jeshi la maji iliyofungwa 1984, na mji ulichukua miaka mingi kuinuka. Ndiyo maana hadi leo Chatham na Gillingham zina nyumba za safu za vyumba viwili na vitatu kwa bei ambayo Tonbridge ungepata fleti. Rochester, yenye kanisa kuu na ngome, iko juu kidogo. Nyingi ya nyumba hizi zina kuta za tofali zisizo na uwazi katikati, kwa hiyo unyevu na baridi ni maswali ya kwanza. Ukiona ukuta wa ndani umepakwa rangi mpya chini tu, hadi usawa wa kiuno, uliza kilichofunikwa. Gravesend ni nzuri kwa treni, lakini mradi wa handaki jipya la Lower Thames Crossing uliidhinishwa Machi 2025, nalo litaingia ardhini mashariki ya mji. Anayenunua upande huo ategemee miaka ya malori ya ujenzi.

Ashford dhidi ya Maidstone ni swali rahisi kuliko linavyoonekana. Kama London inakuhusu, Ashford. Kama kazi iko hospitali ya Maidstone, ofisi za kaunti au maghala ya kandokando ya barabara ya M20, Maidstone, maana huko kuna nyumba za kila umri na huduma nyingi zaidi. Ashford ina mitaa mingi mipya, na mitaa mipya ina ada yake. Pia bandari ya Dover inapokwama, malori hupangwa kwenye M20 na barabara za ndani za Ashford hujaa.

Pwani inahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu uzuri wa bahari unapumbaza. Margate ilipanda bei baada ya jumba la sanaa la Turner Contemporary kufunguliwa Aprili 2011, na watu wa London wakahamia. Bado, mtaa mmoja uliokarabatiwa unapakana na mwingine wenye nyumba zilizochakaa za wapangaji. Tembea mitaa mitatu kila upande kabla ya kutoa bei. Ramsgate ni rahisi kidogo na ina bandari ya kupendeza, lakini uwanja wa ndege wa Manston, uliofungwa 2014, una kibali cha serikali cha Agosti 2022 cha kufunguliwa tena kwa mizigo, na njia ya ndege inapita juu ya mji. Folkestone ina treni ya chini ya saa moja, shule za grama, na bandari ya zamani iliyofufuliwa. Kwa pesa ile ile na Margate unaokoa nusu saa ya safari. Sisi tungeiweka mbele ya zote za pwani. Dover mjini ni rahisi kwa sababu ya malori na mteremko mkali. Mnunuzi mvumilivu asiyekwenda London hupata nyumba kubwa.

Sheppey, kisiwa cha kaskazini, ndiyo penye bei za kutupa. Treni ya Sheerness inakulazimu kubadilisha Sittingbourne, na kazi kisiwani ni chache. Tatizo kubwa zaidi liko chini ya miguu.

Ardhi na maji

Majabali ya kaskazini mwa Sheppey ni udongo wa mfinyanzi unaoteleza baharini. Mwaka 2020 nyumba huko Eastchurch iliporomoka pamoja na jabali. Bima ya kawaida ya nyumba kwa desturi hailipi mmomonyoko wa pwani, kwa hiyo ukinunua karibu na ukingo, unanunua kitu chenye tarehe ya mwisho.

Udongo wa mfinyanzi uko pia sehemu za Weald, kusini mwa kaunti. Unavimba ukinywa maji na kusinyaa kiangazi, na mti mkubwa karibu na msingi unazidisha. Ishara ni ufa wa mshazari kwenye kona za madirisha, mpana juu kuliko chini, unaoonekana ndani na nje. Kaskazini, kwenye chokaa, tatizo ni jingine: mashimo ya kale ya kuchimba chokaa yaliyosahaulika, ambayo paa lake hubomoka ghafla. Wakili aombe taarifa ya ardhi inayotaja mashimo hayo.

Mafuriko yana ramani yake. Yalding, yanapokutana maji ya mto Medway na matawi yake, ilizama wakati wa Krismasi ya 2013, na Tonbridge nayo ilipata maji japo kuna lambo la kuzuia mafuriko huko Leigh tangu 1981. Romney Marsh, nyanda za kusini, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari iliyojaa na inalindwa na kuta. Serikali ina huduma ya bure ya kuangalia hatari ya mafuriko kwa msimbo wa posta. Mpango wa Flood Re unasaidia nyumba za maeneo hayo kupata bima kwa bei ya kubebeka, lakini hauhusu nyumba zilizojengwa tangu Januari 1, 2009. Nyumba mpya kando ya mto inaweza kuwa ngumu kuikatia bima kuliko ya bibi wa jirani.

Vijijini uliza mambo mawili ya choo na jiko: je, kuna gesi ya bomba, au ni mafuta ya kupasha joto yanayoletwa na lori? Na je, maji taka yanakwenda kwenye bomba la umma au kwenye tangi? Tangi la zamani linalomwaga moja kwa moja mtoni limepigwa marufuku tangu 2020, na kulibadilisha ni maelfu ya pauni. Zile nyumba za mviringo zenye paa la kofia, zilizokuwa za kukaushia hopsi za pombe, zinapendeza kwenye picha. Jaribu kuegesha kabati kwenye ukuta wa duara.

Kwa nyumba ya kabla ya 1930 agiza ukaguzi wa kina wa jengo, wa ngazi ya tatu, si wa pili. Tofauti ya pauni mia chache si kitu mbele ya paa. Ukaguzi wa benki ni kwa faida ya benki, haukulindi wewe.

Fleti, lizi na ada za mtaa

Fleti nyingi za Uingereza hununui ardhi. Unanunua lizi, yaani haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa. Miaka iliyobaki ikikaribia 80, gharama ya kuiongeza hupanda na benki nyingi huanza kusita. Fleti ya Margate ya 150,000 yenye miaka 68 iliyobaki inaweza kugeuka ghali kuliko ya 175,000 yenye miaka 120. Kwenye nyumba kubwa za Victoria zilizogawanywa, Folkestone, Ramsgate na Tunbridge Wells, swali ni nani analipia paa na je, kuna akiba. Chumvi ya bahari inakula plasta na vyuma. Jengo la fleti nne lisilo na akiba likihitaji kiunzi na paa jipya, kila mmoja anapelekewa bili. Omba hesabu za miaka mitatu na barua yoyote ya matengenezo yanayokuja.

Kwenye mitaa mipya ya Ashford, Maidstone na Ebbsfleet, hata nyumba inayomilikiwa pamoja na ardhi inaweza kuwa na ada ya kila mwaka ya kutunza barabara na bustani, juu ya kodi ya halmashauri ambayo kwa bendi D, daraja la kati la thamani ya nyumba, imepita pauni 2,000 kwa mwaka. Tafuta maneno yanayoweka ukomo wa ongezeko la ada. Yasipokuwepo, punguza bei unayotoa.

Nani anunue wapi, na ushuru wa mwenye nyumba kwao

Benki kwa kawaida hukopesha hadi mara nne na nusu ya mapato ya mwaka. Mwenye mapato ya 50,000 na dipoziti ya 25,000 anafika 250,000: nyumba ya safu Chatham, Gillingham, Dover au baadhi ya mitaa ya Margate, ila kwa Sevenoaks ni fleti ya chumba kimoja. Wawili wenye 70,000 kwa pamoja na dipoziti ya 35,000 wanafika 350,000: nyumba pacha ya vyumba vitatu Ashford, Folkestone au Medway, huku Tonbridge wakibanana kwenye vyumba viwili.

Ushuru wa stempu wa tangu Aprili 2025 unazidisha tofauti ya miji. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi chochote hadi 300,000, na hulipa asilimia 5 ya kinachozidi hapo hadi 500,000. Nyumba ya 500,000 inamtoza 10,000. Ya 510,000 inamnyima nafuu yote na kumtoza 15,500. Kwa hiyo Medway na Thanet mara nyingi ni sifuri, na Sevenoaks ndiko watu wanakoanguka kwenye mtego wa 500,000.

Msomaji mwenye nyumba Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura asome hapa mara mbili. Mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye hajawahi kumiliki makazi popote duniani, hata kwa kurithi. Mkinunua wawili, mmoja akiwa amewahi, nafuu inapotea kwa wote. Zaidi ya hapo, ukiwa na nyumba nyingine yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, popote ilipo, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote, na ya mwenzi wako wa ndoa inahesabiwa pia. Nyumba ya 300,000 ambayo kwa mnunuzi wa kawaida ina ushuru wa 5,000 inakuwa 20,000. Asiye mkazi wa Uingereza anaongezwa asilimia 2 nyingine na kufika 26,000. Kiwanja kitupu si makazi, lakini pagale lililokwisha kuanza kujengwa laweza kuhesabiwa. Mweleze wakili kabla hajajaza fomu.

Wakili huyo huyo atataka kujua chanzo cha fedha. Pesa ya upatu au chama inayoingia kwenye akaunti kwa mkupuo inahitaji maelezo ya maandishi: orodha ya wanachama, zamu, na taarifa za benki za miezi sita. Pesa kutoka kwa ndugu inahitaji barua kwamba ni zawadi, si mkopo. Asiyetaka riba aulize mpango wa kununua kwa ubia na benki ya Kiislamu. Sheria ya ushuru imewekwa ili nyumba isitozwe mara mbili.

Bei mliyokubaliana na dalali haimfungi mtu hadi siku ya kubadilishana mikataba, mara nyingi baada ya wiki 12 hadi 16. Muuzaji anaweza kuchukua bei ya mwingine, na wewe unaweza kuondoka. Tumia muda huo kuomba bei ya bima ya jengo kwa anwani kamili, kabla ya kumlipa mkaguzi. Kampuni mbili zikikataa au zikitaja bei ya kushangaza Yalding au Minster ya Sheppey, umejua kitu ambacho tangazo halikusema. Tangu siku ya kubadilishana, hatari ya jengo kwa kawaida ni yako, hata kama funguo bado anazo muuzaji, kwa hiyo bima ianze siku hiyo hiyo.